Banki Iliuliza, Mume Wangu Akajibu Hapana

Jumatano, Bunia. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Leo mimi na mume wangu, Papa Grâce, tulienda banki kuomba mkopo wa nyumba. Mwenye nyumba tunayopanga hapa mtaa wa Bigo anaiuza, na ametupa sisi nafasi ya kwanza. Tangu tukimbie vita vya Djugu tumehama mara nne. Sitaki ya tano.

Madame wa banki alisoma maswali, tukajibu. Halafu akauliza kama mmoja wetu aliwahi kuhukumiwa na tribinali kwa sababu ya deni.

Papa Grâce alicheka. "Hapana, madame. Siye hatuna maneno na tribinali."

Kalamu ya madame ilikuwa imeshagusa karatasi.

Mimi nilihukumiwa. Dada yangu alikuwa anauza samaki wa Mahagi-Port, na alipokopa mtaji niliweka sahihi kama mdhamini wake. Vita vilimkuta akapoteza kila kitu, na tribinali ikaamua nilipe mimi. Nililipa miaka mitatu, kidogo kidogo, kutoka mshahara wangu wa uuguzi. Nyumbani nilisema mshahara umechelewa.

Papa Grâce sikumwambia kamwe.

"Ngoja, madame," nikasema. "Mimi nilihukumiwa. Lakini nililipa yote, karatasi ya tribinali iko ku nyumba."

Sikuweza kumtazama Papa Grâce usoni. Nilitazama mikono yake juu ya meza. Haikusogea.

Madame aliweka kalamu chini. "Uilete kesho, mama. Siahidi kitu, kamati ndiyo inaamua. Lakini kama tungeivumbua hukumu hiyo siye wenyewe, dosye ya mkopo wenu ingefungwa palepale."

Njiani Papa Grâce alitangulia kwenye matope, hakugeuka hata mara moja. Tulipofika aliketi na viatu vyake vichafu.

"Miaka tatu, Mama Grâce?"

"Miaka tatu."

"Na miye nilikuwa naenda kugombana na chef yako ya kazi juu ya mushahara."

Ni kweli. Alienda mara mbili. Nilimwacha aende.

Nimetoa ile karatasi chini ya sanduku, nikaiweka mezani. Ameisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaitia kwenye dosye pamoja na zingine. Halafu ametoka bila kusema anakwenda wapi.

Kamati itajibu baada ya wiki mbili. Yeye hajasema atajibu lini.