Barua ya Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Stima imepotea saa mbili na nusu, kama gazeti lilivyoahidi. Kitu pekee kinachofika kwa wakati nchi hii ni giza. Mabwawa yamekauka, sasa tunagawiwa stima kama unga wa msaada. Kompyuta tatu mpya zimelala. Shiko, msichana aliyeajiriwa pamoja nazo, amepaka kucha rangi mpaka saa sita. Bwana Kagwe, meneja wetu, amesimama kwenye dirisha letu moja akikagua mawingu. Kiwanda kizima cha blanketi kimya.

Jumatano, 6 Oktoba
Wamenikumbuka. Miezi minane nimekuwa mtu wa kufungua bahasha na kuchemsha chai, tangu Bwana Kagwe aliposema siku za taipureta zimekwisha. Leo ameitoa stoo mwenyewe, akaipangusa kwa leso yake.
"Mama Mbaluka, si wewe ndio mwenyewe wa hii kitu?"
Ndiyo mimi. Miaka kumi na sita. Shiko ameizunguka mara mbili, akauliza inachomekwa wapi. Nimecheka mpaka nimefika nyumbani Ruiru.

Jumanne, 12 Oktoba
Barua kumi na tisa. Vidole vinauma, nina furaha. Bwana Kagwe hasomi kitu — chumba kina kiza, na miwani anaona inamzeesha. Anauliza atie sahihi wapi, namwonyesha kwa kidole. Leo ametia sahihi orodha yangu ya sokoni. Nyanya, vitunguu, mkaa: vimeidhinishwa na meneja.

Alhamisi, 21 Oktoba
Minong'ono. Eti makao makuu Nairobi wanataka watu wapunguzwe, sababu mashine zinalala nusu ya siku. Shiko amelia chooni. "Mathe, si mimi ndio wa mwisho kuingia? Wataanza na mimi." Nimempa chai, nikamwambia hapana, ingawa sijui. Mimi sina wasiwasi. Nani atawapigia chapa? Mwanangu Mbaluka yuko kidato cha tatu — nimemwambia asome tu, mama yake ana mashine isiyongoja stima.

Ijumaa, 29 Oktoba
Naandika hapa hapa mezani kwangu ofisini.
Bwana Kagwe ameniita, akafunga mlango. Barua kumi na moja za kuachisha watu kazi, ziondoke na gari la saa kumi. Hakuna majina, namba za kazi tu, kama zilivyotoka Nairobi. Majina watajaza huko huko kwa kufuata namba.
"Ni siri, Mama Mbaluka. Hata wewe huwezi jua ni kina nani."
Maskini. Orodha ya mishahara nimeipiga mimi kila mwezi mpaka kompyuta zilipokuja. 0031 ni Njau wa ghala. 0087 ni Wakonyo, ana mtoto wa wiki tatu. Zote ni namba za zamani ninazozijua; ya Shiko haimo, nimeshukuru. Nimepiga kumi. Ya kumi na moja ni 0043.
Hiyo ni yangu.
Nimeisoma mara tatu. Nijiachishe kazi mwenyewe, tena kwa kaboni, nakala mbili! Sijui kama amejua ni mimi au hii orodha pia hakuisoma. Sijui ni lipi linaniuma zaidi. Nina hasira mpaka nimekosea neno "shukrani" — kumbe wanatushukuru.
Nimelifuta, nimeendelea. Barua imekamilika, imebaki namba tu pale juu.
Bwana Kagwe amechungulia. "Bado? Dereva anangoja."
Nimemwambia dakika moja.
Nimepiga sifuri mbili. Namba yake yeye ni 0012, kwa hiyo mpaka hapo bado tuko pamoja. Kidole cha kushoto kiko juu ya mashine, kati ya moja na nne. Ameingia, ametoa kalamu mfukoni, anauliza atie sahihi wapi.