Meza ya Pool Kwenye Chumba cha Maziwa

Mumbe uko? Nimetoka kugombana na bosi, huyo Maxwell.

Si unajua tangu nijifungue nafanyia kazi nyumbani Wundanyi. Leo ametuita wote Voi tuone ofisi ilivyopambwa upya, eti imekuwa tamu mpaka tutasahau kufanyia kazi nyumbani. Sofa, mashine ya kahawa, ukuta wa rangi ya machungwa unaumiza macho.

Halafu akafungua kile chumba kidogo nilichokuwa nikikamulia maziwa ya mtoto siku nikija mikutano. Ameweka meza ya pool. Meza ya pool, Mumbe!!

Nikamuuliza, "Na mimi nitakamulia wapi?"

Akacheka mbele ya watu wote. "Wakio, hayo ni mambo ya nyumbani. Yabaki nyumbani."

ATI YABAKI NYUMBANI. Hata Ben, tunayefanya naye kazi, akaangalia viatu vyake.

Nikamwambia, "Asante. Basi nami nitabaki nayo huko huko."

Cynthia alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano. Nikamwomba aandike maneno ya bosi vile yalivyotoka.

Maxwell akaruka, "Usiandike hiyo!"

Cynthia, na vile ni mpole, hata hakuinua kichwa. "Nishaandika."