Humu Hamna Mtu

Pugu, 3 Machi 2024

Dada Rosalia,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje huko Masasi? Sie wazima, ila nyumba yetu imeingiwa na kitu. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu mume wangu Valerian huisoma, naye keshaanza kutafuta mganga wa kuizindika nyumba.

Ni Noela. Kila jioni hukaa kwenye kitanda cha marehemu dada yake, hufungua kile kitabu Yusta alichokuwa akimsomea, husoma. Ana miaka saba tu, na hakwami hata neno. Lakini sauti si yake, dada. Ni ya Yusta. Hukohoa palepale Yusta alipokuwa akikohoa. Juzi nakuna nazi, nikajikuta nimeita, "Yusta, kunywa maji." Na mwaka umepita tangu tumzike.

Shuleni wanasema Noela hajui hata silabi, lakini ataelewa akikua. Nimwamini nani?

Mdogo wako,
Marietha

Masasi, 15 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Milele amina. Goti linauma mvua ikikaribia, basi. Barua yako imenisisimua mwili. Lakini nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, kwa hiyo kabla ya mganga fanya hivi: akianza kusoma, kigeuze kitabu juu chini. Kisha mpe kingine ambacho hajawahi kusomewa. Unijibu upesi.

Dada yako,
Rosalia

Masasi, 20 Juni 2024

Marietha, u mzima? Mbona kimya?

Nadhani mtoto hasomi, amekariri. Usingoje akue. Nilikuwa na mwanafunzi, Wilfred, nami nikasema ataelewa tu. Kufika la nne alikuwa anajificha chooni kila kipindi cha kusoma, mwisho hakurudi shule. Alihitaji nusu saa yangu kwa siku alipokuwa mdogo. Sikumpa.

Dada yako

Pugu, 2 Julai 2024

Dada, shikamoo. Nisamehe.

Nilifanya ulivyosema siku ileile. Niligeuza kitabu, akaendelea vilevile, juu chini. Nikampa kingine. Alikitazama muda mrefu, akasema kwa sauti yake, "Mama, humu hamna mtu."

Nilielewa. Nikanyamaza miezi mitatu, kila jioni nimekaa mlangoni nasikiliza. Akijua kusoma, Yusta ataondoka.

Jana mwalimu alimwita asome ubaoni. Akajikojolea mbele ya wenzake. Nifanyeje?

Marietha

Masasi, 6 Julai 2024

Pole, mdogo wangu. Umezika mmoja, usimwache wa pili. Kesho kutwa napanda basi. Fundi Fransis amenichongea herufi za mpingo, zitashikika. Kitabu usimnyang'anye. Mganga asije.

Rosalia

Pugu, 24 Novemba 2024

Dada, shikamoo. Ulifika salama huko Masasi? Sie wazima.

Nusu saa yako tunaishika kila asubuhi. Valerian mwenyewe ndiye anapanga herufi mezani, na Mwalimu Naima humbakiza kidogo baada ya masomo. Ile sauti ya jioni imekwisha. Sijui ilikoma lini. Siku moja nilisikiliza, nikakuta kimya.

Jana tukipita dukani, Noela akasimama mbele ya kibao. "Ma-ji... ya... ba-ri-di." Alichukua muda mpaka watu wakatupita. Ana sauti nzito, ya kukwaruza. Miaka yote hii sikuwa nimeisikia vizuri.

"Mama, nimekosea? Mbona unalia?"

Nikamwambia, "Soma tena."

Mdogo wako,
Marietha