Hasira ya Mama Rasoa

Kageha mjukuu wangu,

Hapa Kaloleni tu wazima, ila goti la babu yako linamsumbua. Dada yako amejifungua msichana. Nawe huko ugenini, unakula vizuri?

Umeniuliza kama sisi Quaker, wanaopinga vurugu za kila aina, tunaruhusiwa kukasirika tunapoandamana. Hata mimi sielewi vizuri. Acha nikusimulie niliyoyaona miaka ya tisini, nikiwa bado mama kijana.

Tajiri mmoja alinyakua uwanja wa watoto wetu, kando ya kanisa. Jumapili, akijua tuko kanisani, akaleta vibarua wachimbe msingi wa ukuta. Tulikuwa tumeketi kimya katika ibada, kama ilivyo desturi yetu, tukisikia sururu zao, Mama Rasoa aliposimama. Katika wazee wetu hakukuwa na mpole kama yeye.

"Nimekasirika," akasema. "Nimemwomba Mungu aniondolee hasira hii, amekataa."

Akatoka. Tukamfuata, wengine tukidhani amechanganyikiwa. Alishuka ndani ya msingi, akaketi udongoni.

"Mama, toka, nitakuumiza!" kibarua mmoja alifoka.

"Sijakukasirikia wewe, mwanangu. Umekunywa chai?"

Kijana akaweka sururu chini. Nami nikashuka, nikamshika Mama Rasoa mkono. Nikamnong'oneza:

"Mama, kilichokuleta humu ni hasira au ni Roho?"

"Sijui. Nisogelee tu."

Wenzetu wakashuka pia. Tulikaa humo kwa zamu hadi tajiri akachoka, akauacha uwanja, na watoto bado wanacheza pale. Lile swali bado linanitatiza, Kageha. Ila usiende kuandamana peke yako.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuwaza kila siku.