Nilimuuliza Paka

Dada Odetta,

Hapa Milwaukee sisi wazima, theluji tu ndiyo imeanza visa vyake. Sweta uliyonitumia imefika, imenikaa vizuri. Mzee Kaminski wa jirani, yule shabiki wetu wa damu, siku hizi anaangalia mieleka kwenye TV kwa hasira, maana mpira wa kikapu hakuna.

Wenye timu bado wamewafungia wachezaji milango mpaka waelewane kuhusu mikataba. Na sisi tulioajiriwa na klabu tumekatazwa kuongea nao, hata salamu. Eti na mimi, mfuaji wa jezi! Kwa hiyo mchezaji wetu, mwanao Jarvis, akija kula Jumapili, mimi naongea na paka.

Leo nikamwambia paka, "Mwone alivyokonda! Huyu analishwa na nani?"

Jarvis naye akamwambia, "Mwambie mama mdogo aache maneno, alete kuku."

Tulicheka, dada! Lakini alipoinuka kupeleka sahani, nikaona anajishikiza ukutani. Goti limevimba kama boga. Daktari wa timu amekatazwa hata kupokea simu yake, na kwa daktari mwingine anaogopa kwenda, habari zisije zikavuja akakosa mkataba.

Nikamuuliza paka goti limeanza lini. Jarvis akamwinamia paka: "Mama asijue."

Hayo aliambiwa paka, mimi sikuambiwa kitu. Panda basi uje.

Mdogo wako,
Verlene