Breki Niliyoisingizia

Alhamisi, Machi 2009

Goti linauma, lakini silo linalonisumbua.

Leo Anko alinituma na pikipiki peke yangu kwa mara ya kwanza, kutoka hapa Mutuini hadi soko la Dagoretti. Mwezi mzima amenifundisha: punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia usifinye breki ya mbele. Kwenye mteremko nikazima injini ili kuokoa petroli, kama wanavyofanya vijana wa bodaboda pale steji. Pikipiki ikashika kasi, kona ikafika, nikaogopa na kufinya ile ya mbele kwa nguvu zote. Gurudumu likateleza, nikaanguka.

Nilimwambia Anko kwamba breki ilijikaza yenyewe. Akanipeleka kwa fundi Kamau, aliyeitengeneza juzi, akamgombeza mbele ya wateja.

“Mzee, hii breki iko sawa,” fundi akasema. “Uliza huyu msichana yako vizuri.”

“Huyu hajui kudanganya. Wewe ndiye unajua.”

Watu wakamcheka fundi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Anko aliniamini hivyo, na mimi...

Jioni, tukinywa chai, nilimwambia ukweli. Akaweka kikombe chini, akauliza, “Nilimtukana mbele ya watu wangapi?”

“Kama sita.”

“Basi kesho tutaenda saa ile ile, wakiwapo. Utaongea wewe.”

Miaka minne ya sekondari sikuwahi kuinua mkono darasani.