Kuhusu Anyesi Kuanza Darasa la Kwanza

Sombetini,
Arusha.
10 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Jackline,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Hujambo? Kifua kimepona? Na joto la Lindi umeshalizoea, au bado unalalamika? Natumaini wagonjwa wodini wanakuachia hata nafasi ya kula. Sisi ni wazima. Shemeji yako Gadiel mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuwa mkali, kwa hiyo tumemwacha.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nikisikia sauti yako maneno yananiishia. Barua anakuletea Arnold, jirani yetu dereva wa lori, anayekuja huko kupakia korosho.

Unaniuliza kila mara kama nimeshalia. Bado. Tangu tumzike Mama ninapika, ninafua, kanisani ninakwenda, lakini moyo umekufa ganzi. Juzi kaka yetu Lengai ameuza yule ng'ombe mwekundu wa Mama. Nikasema sawa, nikaendelea kuchambua maharage. Kama ni ugonjwa, wewe ndiye nesi, utaniambia.

Sasa habari za mwanao. Tulipomtoa Anyesi kwa Mama kule kijijini Musa baada ya msiba, nilimpeleka kwenye kituo cha watoto tulichoanzisha akina mama wa mtaa, pale kwenye ukumbi wa usharika. Uji tunapika kwa zamu. Anayewafundisha ni Mwalimu Evelyn, binti wa Kichaga mwenye moyo kweli, na Jumamosi anazunguka nyumba kwa nyumba kuongea na wazazi. Kabla ya kituo hiki, watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanafika darasa la kwanza hawajawahi kushika penseli.

Mwezi uliopita mwalimu huyo alikuja kwangu, akakataa chai, nikajua kuna neno. Akasema Anyesi haongei. Asubuhi haitikii salamu, akiulizwa kitu anainama tu. Kwa hali hiyo Januari hataweza kwenda darasa la kwanza na wenzake. Abaki na wadogo mwaka mwingine, na tumpeleke akapimwe masikio. Nikamjibu sawa. Jacky, mtoto anayepiga soga na kuku wangu kutwa nzima, mimi nikajibu sawa!

Wiki iliyofuata ikawa zamu yangu ya uji. Nikiwa mlangoni na upawa mkononi nikamwona Anyesi anakwenda kwa mwalimu, anasimama mbele yake, anainamisha kichwa. Mwalimu akamwita jina, akamwita tena, akamwambia ainue uso. Mtoto akazidi kuinama. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anasalimia. Amelelewa na Mama, na kwa Mama mtoto hafungui mdomo mbele ya mkubwa kabla hajaguswa kichwani. Nyumbani ananiinamia kila siku, na mkono wangu unakwenda wenyewe, sijawahi hata kulifikiria.

Nikasema, "Mwalimu, mguse kichwa."

Evelyn alinishangaa, lakini akamgusa. Anyesi akainua uso, akasema, "Shikamoo mwalimu," halafu akaanza kumweleza habari za jogoo wetu anayempiga mwenzake, akamalizia na siku zote za wiki bila kuulizwa.

Evelyn akajishika mdomo. "Jamani, mimi nikadhani ananinunia! Sasa nyie Waarusha si mngeniambia?"

Siku hizi asubuhi anasimama mlangoni anagusa vichwa vyote, hata vya watoto wa Kipare, nao wanasukumana kwenye foleni. Anyesi ameshaandikishwa shule ya msingi, Januari anaanza na wenzake. Najua ni habari njema. Nilikunywa uji wangu, nikaosha sufuria, nikarudi nyumbani.

Lengai anakusalimu sana, anasema boma limepoa bila Mama. Gadiel naye anakusalimu, na Penina wa dukani anauliza kama huko Lindi umepata mchumba. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Lakini Jacky, kuna ile Jumapili uliyopiga simu ya video. Anyesi alikuonyesha utosi tu, ukambembeleza mpaka ukachoka. Baadaye ukanitumia ujumbe kwamba mtoto amekukataa, na kwamba Krismasi utabaki kazini. Nao ule ujumbe niliujibu sawa. Si sawa, mdogo wangu. Mtoto hakukukataa. Ulipokata simu, kioo kikawa cheusi, na yeye bado ameinama.

Njoo Krismasi. Usimletee nguo wala pipi. Lete mkono wako.

Mungu wa Mama yetu akulinde njiani na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa kimya,

Nasieku.